Tani robo tatu au tani moja: kibandiko cha mlangoni nilichokipuuza

Kwetu Tanzania mtu akitaja pikapu ya tani moja, anayemsikiliza anaona Hilux iliyosheheni magunia ya mahindi, kwa kuwa magari ya mizigo tumezoea kuyaita kwa kile yanachobeba: Canter ya tani tatu, Fuso ya tani saba. Marekani nayo ina desturi hiyo, ila huku majina yamebaki na maana yake imeondoka. Hapo zamani pikapu ya nusu tani ilibeba paundi 1,000, ya tani robo tatu paundi 1,500, na ya tani moja paundi 2,000, kwa sababu tani ya Wamarekani ni paundi 2,000, yaani kilo 907 tu. Majina ya F-250 na F-350 ambayo Ford ilianza kuyatumia mwaka 1953 yametoka katika mgawanyo huo. Leo F-250 ya petroli huweza kubeba zaidi ya kilo 1,300, kwa hiyo anayenunua gari kwa kufuata jina la tani hajui anachonunua. Nami nilinunua hivyo.

Ninaishi karibu na Fort Worth, Texas, na kazi yangu ni kusawazisha viwanja na kuchimba mitaro kwa kijiko kidogo cha matairi. Kijiko hicho pamoja na vifaa vyake kina uzito wa paundi 8,500 hivi, na ninakisafirisha juu ya tela la shingo ndefu, lile ambalo shingo yake hupanda juu ya bodi la pikapu na kushika mpira wa chuma uliofungwa katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma. Nilipokwenda kununua gari, muuzaji alinionyesha pikapu ya tani robo tatu yenye injini ya dizeli na milango minne, akanisomea uzito inaoweza kuvuta, ambao ulizidi kwa mbali uzito wa tela langu na kijiko chake, na mimi nikatia saini. Hakunidanganya katika tarakimu hata moja. Alichoacha kunionyesha ni kibandiko cheupe chenye mstari wa njano kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachosema kwamba uzito wa watu na mizigo usizidi kilo 930.

Kilo 930 ndizo zilizokuwa za kuamua, si uzito wa kuvuta, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu wengi wanaoniuliza hukwama hapo hapo. Tela halivutwi tu; sehemu ya uzito wake hukaa juu ya gari linalovuta. Tela linalofungwa kwenye mpira wa chuma ulio chini ya bampa hulaza juu ya gari asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tela la shingo ndefu, au lile linaloungwa kwa pini na sahani kama semi-trela, hulaza asilimia 20 hadi 25. Uzito huo wote huhesabiwa kama mzigo uliopakia mgongoni, pamoja na wewe mwenyewe, msaidizi wako, sanduku la vifaa na hata chupa zenu za maji. Ndiyo maana pikapu inaweza kuwa na nguvu za kuvuta tela na bado isiwe na mgongo wa kulibeba.

Injini ya dizeli huongeza tatizo hilo. Ile injini ya Cummins ya lita 6.7 inayofungwa kwenye pikapu za Ram ina uzito wa karibu nusu tani peke yake, na kwa kuwa pikapu nyingi za tani robo tatu zimewekewa kikomo cha paundi 10,000 hivi kwa gari na kila kilichomo, kila kilo ya chuma inayoongezwa mbele inapunguzwa kwenye mzigo. Mtu hulipa maelfu ya dola zaidi apate dizeli, kisha anarudi nyumbani na gari linalovuta zaidi na kubeba kidogo kuliko lile la petroli lililokuwa limeegeshwa kando yake.

Miezi miwili ya kwanza sikujua lolote, isipokuwa kwamba taa za mbele ziliangaza juu mno usiku na madereva wa upande wa pili walinimulika kwa hasira. Kisha nilipata kazi Oklahoma, nikapanda barabara kuu ya I-35 kuelekea kaskazini, na kwenye mteremko wa vilima vya Arbuckle nikahisi usukani umekuwa mwepesi kuliko ninavyoupenda. Jioni nilimpigia simu baba mdogo, ambaye aliendesha malori miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Tunduma na aliijua mizani ya Kibaha kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo gari umelipima?”

Nilimjibu kwamba huku pikapu ya mtu binafsi haiitwi mizani kama lori, na kwamba injini ni kubwa mno. Akacheka. “Injini haibebi kitu. Inayobeba ni springi na tairi. Nenda kapime, halafu unisomee karatasi.”

Vituo vikubwa vya mafuta vya malori huku vina mizani za kampuni ya CAT, zenye sahani kadhaa zilizopangwa kwa mstari, ili ekseli ya mbele ikae kwenye sahani ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, na ekseli za tela kwenye ya tatu. Unabonyeza kitufe kwenye nguzo, unamtajia mhudumu namba ya gari, kisha unaingia ndani kuchukua karatasi. Yangu ilisomeka hivi: ekseli ya mbele paundi 4,900, ya nyuma 6,600, tela 10,520. Gari peke yake lilikuwa limebeba jumla ya paundi 11,500 wakati kikomo chake ni 10,000. Nilifungua tela, nikapima tena, nikapata 8,520. Maana yake shingo ya tela ililaza juu ya gari langu paundi 2,980. Nilikuwa nimezidisha kikomo cha gari kwa paundi 1,500, yaani kilo 680. Niliposoma tarakimu hizo kwenye simu, baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama tairi zilikuwa za moto.

Wenye ujuzi wa karakana watasema, na mimi siwapingi moja kwa moja, kwamba kikomo cha paundi 10,000 kina karatasi nyingi ndani yake kuliko chuma. Kwa Marekani gari likipita paundi 10,000 huingia daraja jingine la uzito, na watengenezaji wana sababu ya kuliacha la tani robo tatu chini ya mstari huo. Mara nyingi injini, giaboksi na sehemu kubwa ya fremu ni zile zile za gari la tani moja. Lakini tofauti ipo palepale alipopataja baba mdogo. Ram 2500, kwa mfano, tangu 2014 ina springi za koili nyuma, nzuri kwa mgongo wa abiria, ilhali Ram 3500 imebaki na springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kuna wanaofunga mifuko ya hewa ili gari lisiiname nyuma. Mifuko hiyo huinua mkia wa gari, lakini haibadilishi neno hata moja kwenye kibandiko, na ajali ikitokea wakili atakisoma kibandiko.

Basi nikahamia tani moja, na hapo ndipo hesabu iliponishangaza. Nilikuwa na hamu ya duali, ile yenye matairi manne nyuma, ambayo husimama imara upepo wa Texas unapopiga ubavu wa tela. Kikomo cha duali nyingi ni paundi 14,000. Tela langu nalo limeandikwa kikomo cha 14,000. Jumla ni 28,000, na kwa kazi ya biashara, gari na tela vikifika 26,001 kwa pamoja huku tela likiwa limeandikwa zaidi ya 10,000, sheria ya shirikisho inadai leseni ya udereva wa kibiashara ya daraja A, hata kama siku hiyo umepakia nusu. Kinachohesabiwa ni vikomo vilivyoandikwa kwenye vibati vya gari na tela, si mzigo pekee. Nikachukua ya tani moja yenye matairi mawili nyuma: kikomo 11,800, mzigo paundi 3,750. Ukijumlisha na tela ni 25,800. Hapo niko chini ya mstari, ingawa kwa kuvuka mpaka wa jimbo kibiashara bado nahitaji namba ya Wizara ya Uchukuzi na cheti cha afya cha dereva, kwa sababu masharti hayo huanzia paundi 10,001. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wabeba mizigo midogo waing’ang’anie tani robo tatu: gari la 10,000 na tela la 16,000 hufika 26,000 kamili. Karatasi inakubali, mgongo wa gari ni habari nyingine.

Jambo la starehe nalipita haraka. Tani moja ikiwa tupu inarusha abiria kwenye mashimo, na mke wangu hapendi kupanda.

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Minnesota aliniuliza anunue ipi kwa ajili ya nyumba ya matembezi ya kukokotwa, yenye uzito wa kilo 3,400 ikiwa imejaa, inayofungwa nyuma ya bampa. Tayari alikuwa amepata duali ya dizeli na alitaka nimwambie ndiyo. Nilimwambia ahesabu asilimia 13 ya uzito huo, akapata kilo 440. Aongeze yeye, dada yangu, watoto watatu na baiskeli zao, akafika kilo 850. Pikapu ya petroli ya tani robo tatu inabeba hizo na inabaki na nafasi, inapita mahali pa kuosha magari bila kukwaruza matairi, na bei yake inamwachia akiba. Nimemtuma kwanza akafungue mlango wa dereva anipigie picha ya kibandiko, kwa sababu magari mawili ya jina moja yaliyosimama kando kwa kando yanaweza kutofautiana kwa mzigo yanaoruhusiwa kubeba kutokana na injini na vifaa vya ziada kama paa la kioo na viti vya ngozi. Picha bado haijafika.