Friji linaunguruma, testa imenyamaza

Jumamosi iliyopita taa ya chumbani kwa binti yangu ilikufa. Nilibadilisha balbu, ikawa vile vile. Holda ilikuwa imeungua kwa ndani, ile harufu ya plastiki iliyochomeka inayokaa puani mpaka usiku. Nikachukua testa, ile bisibisi ya kupimia umeme yenye kataa kadogo ndani, na kabla ya kwenda kuzima mein swichi nikachuchumaa kwenye soketi tunayochajia simu, nikaijaribu pale.

"Baba, taa iko juu. Mbona unapima huku chini? Si huku tunajua umeme upo?"

Hajafikisha miaka 10. Nikamjibu, "Ndiyo maana napima hapa," akaniangalia vile anavyomwangalia mtu mzima anayekwepa swali. Na kweli nilikuwa nakwepa. Swali hilo mimi nilijibiwa nyumbani kwa bibi, Morogoro, mwaka 2006, na aliyenijibu karibu hakutumia maneno.

Mwaka ule ni ule wa mgao wa umeme. Mvua zilikataa, maji ya Mtera yakashuka, na Mtera likikauka mitambo ya umeme ya Kidatu nayo inalegea, maana ni maji yale yale ya Ruaha Mkuu yanayoteremka kutoka bwawa moja kwenda jingine. Kuwa mkoa mmoja na Kidatu hakukutusaidia chochote. Umeme ukirudi nyumba nzima inaamka kwa pamoja: pasi, redio, simu za majirani zimejipanga kwenye ekstensheni moja kama watoto wa chekechea. Na friji la bibi.

Friji hilo ndilo lililotulisha. Bibi aliuza aiskrimu za ukwaju na za ubuyu, zile za kufungwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni. Zinataka saa nyingi kuganda, na saa zenyewe tulikuwa tunapimiwa. Alizihesabu kama mtu anayehesabu nauli ya kurudia. Ukifungua mlango wa friji bila sababu, alikusikia hata akiwa uani. Kwa hiyo asubuhi ile aliponiambia, "Mume wangu, ile taa ya uani niangalizie, usiku najikwaa nikienda chooni," nilijua naweza kufanya yote isipokuwa jambo moja: kuzima mein swichi.

Nilikuwa na miaka 17, nimemaliza kidato cha nne, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiandamana na mjomba kwenye kazi zake za kufunga umeme. Nilishamshikia ngazi, nilishamvutia waya kwenye mabomba, nilishazibua mashimo ya ukutani mpaka macho yakajaa vumbi. Testa yake ya zamani ilikuwa mfukoni mwangu.

Taa ile ilikuwa ukutani, kimo cha kuifikia bila ngazi. Nikazima swichi yake. Nikafungua holda, nyaya mbili zikatokeza, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Shangazi alikuwa ametoka kudeki, saruji bado ina maji, nami niko pekupeku. Nikaweka ncha ya testa kwenye waya mwekundu, kidole kwenye kifuniko cha nyuma. Haikuwaka. Nikaweka kwenye mweusi. Haikuwaka. Nikairudisha testa mfukoni, nikanyoosha mkono.

"Mjomba."

Tunaitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, na aliniita kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hakupaza sauti kwa makusudi. Mtu mwenye mkono karibu na waya hashtuliwi.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Lete."

Akaichukua testa, akagusa waya mwekundu, akaizungushia kiganja cha mkono wa pili kuikinga na jua. Ilikuwa saa sita, na katika jua la saa sita kataa kale ka neoni kanaweza kuwa kanawaka usikaone kabisa. Akachungulia ndani ya kiganja. Giza. Nilifurahi moyoni: si nilisema? Hakusema kitu. Akaingia jikoni, nami nikamfuata.

Jikoni kulikuwa na kivuli. Friji lilikuwa linaunguruma kwa ile sauti yake nzito, na vikombe viwili vya bati juu yake vinagongana taratibu, ti-ti-ti-ti. Soketi ilikuwa ya pande mbili: upande mmoja plagi ya friji, upande wa pili wazi. Mjomba alitoa kifuniko cha kalamu mfukoni, cha plastiki, akakibonyeza kwenye tundu la juu, la ethi, ili vile vimilango vya ndani vifunguke. Kisha akaingiza testa kwenye tundu la kulia, ndiko waya wa moto, ule unaoleta umeme, unakokaa ukiwa umeitazama soketi. Akaweka dole gumba nyuma. Akasogea pembeni kidogo ili nami nione.

Haikuwaka.

Nikatazama plagi ya friji, iko pale pale, shubiri moja haifiki. Nikaitazama testa. Vikombe vinagongana, ti-ti-ti-ti. Mjomba hakuondoa mkono, hakugeuza uso kunitazama, aliacha tu muda upite, na katika muda ule ndipo nilipousikia ubaridi wa maji kwenye nyayo zangu. Nilikuwa nimesimama nayo tangu uani. Nikaanza kutetemeka magoti, si sana, lakini nikaegemea ukuta.

"Hii inasema hapa hakuna umeme," mjomba akasema. "Sasa aiskrimu za mama zinagandishwa na nini?"

Akatoa testa nyingine kwenye mfuko wake wa kazi. Tundu lile lile: ikawaka, rangi ya chungwa. Tukarudi uani. Swichi ya taa bado imezimwa, niliizima mimi mwenyewe. Akagusa waya mwekundu, akakinga kwa kiganja, akaniita nichungulie. Ndani ya kiganja chake palikuwa na punje ya moto.

Aliyefunga taa ile, na hatukuwahi kumjua, aliiweka swichi kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya waya wa moto. Ukizima, taa inazimika, maana njia ya kurudi imekatwa, lakini moto unabaki umesimama kwenye holda unakungoja wewe uwe njia. Nyumba za namna hiyo ni nyingi. Nimekutana nazo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara tumbo linanikata.

"Ulikuwa unataka kugusa?" mjomba akauliza.

"Hapana."

Akaitazama mikono yangu. Hakuuliza tena. Akaenda mwenyewe kuzima mein swichi. Friji likakoroma mara moja, likanyamaza, vikombe navyo vikatulia.

Baadaye aliifungua ile testa ya zamani, akavimwaga viungo vyake kiganjani: springi, kipande cheusi cha rezista, na kile kichupa cha neoni kidogo kuliko punje ya mchele, kimepasuka. Hapo ndipo aliponieleza inavyofanya kazi. Umeme wa volti 230 unapita kwenye rezista ya karibu ohmu milioni moja, kwa hiyo kinachofika mwilini mwako ni kidogo mno hata hukisikii. Kinapita kwenye neoni, kwenye kidole chako, kinashuka ardhini, na neoni inawaka. Mwili wako ni sehemu ya kipimo. Ukisimama juu ya stuli kavu ya mbao na kandambili nene, inafifia. Juani huioni. Kichupa kikipasuka haiwaki kamwe. Hali zote hizo zinafanana kabisa na waya usio na umeme, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Testa ikiwaka inakuambia kitu. Ikinyamaza haijakuambia kitu, labda uwe umeiona inawaka dakika moja iliyopita mahali unapopajua.

Nilijua kichupa kilipasuka lini. Siku mbili kabla nilikuwa nimeitumia testa ile kufungulia kopo la rangi, nikaigonga kwa nyundo. Mjomba alikigeuzageuza kichupa kwenye mwanga akajisemea, "Sijui ilianguka wapi." Nikakaa kimya.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tukahamishia swichi kwenye waya wa moto, tukafunga holda mpya, tukawasha. Kazi ikala zaidi ya saa moja, kisha jioni mgao ukatufikia, na aiskrimu zote zikawa maji. Bibi alizikata vifuko kimoja kimoja akatumiminia kwenye vile vikombe vya bati. "Kunyweni, wanangu," akasema, "ukwaju upo, nitagandisha tena." Sijui mjomba alimwambia nini. Hakuniuliza neno.

Siku hizi nina mita ya kupimia umeme, ile ya nyaya mbili isiyotegemea kidole cha mtu, nayo ndiyo ninayoiamini zaidi. Na sifanyi kazi kwa kutegemea kwamba umeme umekatika. Mjomba alikuwa akisema umeme uliokatika na umeme uliozimwa ni vitu viwili, mmoja unarudi bila kubisha hodi. Yeye hapandi tena ngazi. Tunapigiana simu, tunaongea mahindi, tunaongea magoti yake. Mara kadhaa nimeanza, "Mjomba, unakumbuka ile testa..." kisha nikageuza maneno. Zaidi ya miaka kumi na tano, na bado anaamini ilianguka tu, na kwamba sikutaka kugusa. Au haamini. Macho yake yalikaa kwenye mikono yangu muda mrefu.

Binti yangu bado alikuwa mlangoni. Nikamwambia asogee, akae nyuma ya bega langu, asiguse. Jua la jioni lilikuwa limeingia dirishani na kuifikia soketi.

"Sioni kitu," akasema.

Nikakinga kwa kiganja. Akainama mpaka nywele zake zikanigusa shavu.

"Haa. Imewaka."

Tukaenda pamoja kuzima mein swichi. Akasimama katikati ya korido, shingo upande, anasikiliza.

"Friji limenyamaza," akasema.

Nikamwambia nimesikia. Nikapanda ngazi, nikapima tena.