Meli ya magari, saa kumi na mbili na robo

Wikendi iliyopita mpwa wangu alichukua laptop yangu eti anatafuta nafasi ya kuweka gemu, akaangukia folda ya 2020, akawa anabonyeza picha moja baada ya nyengine bila kusema kitu alafu akaniuliza, "Mjomba, mbona zote umepiga toka pahali pamoja? Ulikuwa umevunjika mguu?"

Nikacheka mpaka mamake akaja kuona kuna nini. Yeye mwaka huo alikuwa nasari, korona anayoikumbuka ni barakoa yake yenye masikio ya paka tu basi. Nikamjibu kijuujuu, akarudi kwa gemu yake. Mimi ndio nikabaki na ile folda mpaka saa sita usiku.

Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu ni meli. Meli, feri, tagi, majahazi, chochote kinachoelea na kwenda. Kabla ya mambo yale, Jumapili asubuhi ukinikosa nyumbani niko Lighthouse, Mama Ngina, na mihogo yangu ya pilipili na dafu, manake pale mlango wa kuingilia Kilindini, bandari yetu kubwa ya Mombasa, ni mwembamba na meli hupita karibu hadi unamuona baharia ameegemea chuma anavuta sigara. Feri nazo nilikuwa nazipenda, haswa MV Jambo iliyokuja 2017, ila Likoni kamera hutoki nayo hivi hivi, askari hawapendi na abiria nao hawapendi, unapiga mbili unaondoka.

Alafu ndio ikaja Machi. Tarehe 13 tukaambiwa kuna mgonjwa wa kwanza, tarehe 27 kafyu ikaanza saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na ile jioni ya kwanza vile watu walivyopigwa mabomu ya machozi pale Likoni wakikimbizana na feri dunia nzima iliona, sina haja ya kuirudia. Aprili wakafunga kaunti, Mombasa, Kilifi na Kwale, hutoki huingii. Bado mimi nilikuwa naponyoka mchana, barakoa usoni, raba miguuni kama mtu wa mazoezi, kamera chini kabisa ya begi imefungwa taulo. Kwenye zile amri sikusikia kifungu kinachosema usipige meli picha. Lakini jaribu kumueleza askari aliye juani tangu asubuhi kwamba umetoka nyumbani wakati wa janga kuja kuangalia meli ya ngano.

Jumatano, tarehe 6 Mei, mfungo tumeshauzoea, waziri Mutahi Kagwe akatangaza Mji wa Kale unafungwa pamoja na Eastleigh kule Nairobi, siku 15, baadae zikasukumwa mpaka Juni. Vizuizi vikawekwa. Sisi wa Mji wa Kale tulijiona wajanja wa vichochoro, kumbe na askari nao wamekulia vichochoroni.

Basi nikahamia juu ya nyumba.

Kwa asiyejua, nyumba zetu zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndio unasema alhamdulillahi. Juu pale kuna tenki la maji, kamba za nguo, madishi mawili moja limekufa, na upande wa bahari naona bandari ya zamani kushoto, English Point ng'ambo, na mbele kabisa ule mdomo wa bahari unapofunguka. Kulia Ras Serani inaziba kila kitu. Kwa hiyo meli ikitoka Kilindini mimi siioni kabisa, siioni, siioni, alafu ghafla inachomoza nyuma ya miti ya Serani, na hapo una dakika chache tu kabla haijawa kidoto. Nilikuwa naifuata kwa simu, kwenye MarineTraffic, najua imeng'oa nanga saa ngapi na iko wapi.

Na meli hazikusimama, hilo ndilo lililonishangaza. Sisi tumefungiwa ila zenyewe zinaingia na kutoka kama kawaida, manake Uganda, Rwanda na Sudan Kusini yote inangoja hapo Kilindini. Lakini mabaharia wenyewe hawakuwa wanaruhusiwa kushuka, wengine mikataba imeisha zamani na hawana wa kuja kuwabadilisha, wanazunguka tu baharini. Nilikuwa nawaangalia kwa lenzi nasema loh, hawa wamefungiwa kuliko sisi. Sisi angalau tuna kaimati.

Kitu kimoja ambacho sikukipa uzito ni vile majirani walivyoiona ile kamera. Nyakati zile watu walikuwa wanaogopa wapimaji kuliko ugonjwa. Ukipatikana nao unapelekwa karantini, na kulikuwa na habari za watu kulipishwa karantini yenyewe, kwa hiyo yeyote anayechungulia chungulia alikuwa mtu wa kuangaliwa. Mama wa nyumba ya pili alikuwa akiniona tu anaanua nguo hata kama mbichi. Mimi najiambia lenzi yangu iko baharini, wananijua tangu nikiwa na kamasi.

Siku yenyewe ilikuwa kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Kulikuwa na meli ya magari, zile kama kabati la nguo lililolazwa majini, zinazoleta mitumba ya Japani. Imeshamaliza kushusha na simu inaniambia imeanza kusogea. Nikapanda juu na tende mbili mfukoni. Asubuhi ilinyesha, kwa hiyo hewa ilikuwa safi, na jua liko nyuma ya bega langu la kulia linazama kwa hiyo mwanga wote unaenda kule baharini. Mpiga picha yeyote atakwambia mwanga kama ule haupatikani kila jioni.

Meli ikachelewa. Adhana ya Magharibi ikatoka, kwanza Mandhry alafu misikiti mengine yote ikadakia, misikiti ambayo ndani hakuna mtu. Nikatia tende mdomoni. Na hapo hapo pua ya meli ikachomoza Serani.

Nikaanza kubonyeza. Sasa, kati yangu na bahari kuna paa la nyumba ya mzee mmoja tunayemwita Ami mtaa mzima, na kwenye hilo paa wanaume wakaanza kupanda. Wakatandika mikeka haraka haraka, wakasimama safu. Sio wa nyumba moja wale, niliwajua, yule wa duka la simu, yule fundi wa majiko, na kijana mmoja na jezi yake ya Arsenal. Misikiti imefungwa tangu Machi, mikusanyiko hairuhusiwi, na hawa wanaswali jamaa juu ya nyumba na Ami ndiye imamu.

Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Mimi nimeelekea kusini kwenye bahari. Kwa hiyo wote wamenitazama mimi. Nyuso zote, macho chini, mikono kifuani, na mwanga ule wa mwisho umewapiga usoni sawasawa na vile ulivyoipiga meli, na meli nayo inapita nyuma yao ubavu mzima, nyeupe, inateleza juu ya vichwa vyao taratibu kama ukuta unaotembea. Na walikuwa wameachana. Hicho ndicho kitu kilichonifanya nisishushe kamera. Safu inatakiwa bega kwa bega, kila siku tunakumbushwa msiwache mwanya wa shetani, na hawa waliokuja kuvunja amri ya serikali kwa kuswali pamoja walikuwa wameachana vizuri kabisa, mita nzima na zaidi, kama walivyoelekezwa kwenye redio.

Niliwaona, na niliendelea. Wakarukuu, meli ikabaki peke yake. Wakainuka, ikawa imefika kwa kichwa cha fundi wa majiko.

Walipotoa salamu meli imeshapita mwamba. Ami akamaliza uradi wake, akainua kichwa, akaniona. 

"We kijana! Ndoo hapa."

Nikasogea kwenye ukingo. Katikati yetu kichochoro tu, na wallahi upana wake ni ile ile mita moja na nusu ya serikali.

"Wapiga nini hapo?"

"Meli, Ami."

Akageuka nyuma akaangalia bahari. Kule hakuna meli tena, kuna kitu kidogo cha kijivu. "Meli siioni. Naona kamera, na hapa walikuwa watu waswali. Hebu ilete."

Nikaishika mkanda nikaning'iniza kamera juu ya kichochoro, ghorofa tatu chini mawe, na deni lake sijamaliza. Akaipokea. Akatafuta miwani. Wengine wakamzunguka, ile mita yao yote ikaisha hapo hapo, vichwa vimegusana juu ya kile kiskrini. Wakanyamaza. Yule wa jezi akasema, "Aisee hii kali, hebu nitumie," Ami akamtazama mpaka akarudi nyuma mwenyewe.

Alafu akanirudishia. Hakukasirika, ingekuwa rahisi kama angekasirika. Akasema, "Hawa wana watoto, mwanangu. Futa."

Nikafuta nikimuonyesha. Akasema na zile nyengine. Nikafuta na zile nyengine, pamoja na moja ambayo watu wamesujudu na hawaonekani, ni meli tu, ile nilitaka kumuomba lakini nikaona sio wakati.

"Hazijaenda kwa simu?"

"Hazijaenda."

"Wallahi?"

"Wallahi, Ami."

"Haya. Na weye nenda kaswali, Magharibi haikungoji."

Siku zilizobaki niliishusha lenzi upande wa bandari ya zamani tu, ndio hizo picha za ngalawa zimejaa kwenye folda. Idi tukaila ndani. Juni wakatufungulia, nikaenda Mama Ngina siku ya pili yake tu, nikapiga meli mpaka betri ikafa, picha safi, hazina kasoro, na sikumbuki hata moja.

Wenzangu wa kamera nikiwahadithia wanagawanyika. Mmoja husema ningekata tu pembeni nibaki na meli, na mimi humwambia hapo hapo ndipo picha ilipokuwa. Mwengine husema faili ukifuta haijaenda popote, na ni kweli, usiku ule ule niliitoa kadi nikaweka nyengine, na programu za kurudisha zipo za bure. Mamangu anasema wallahi ni wallahi. Mimi najibu niliapa kuhusu simu, sikuapa kuhusu kadi, na yeye huniangalia tu anaendelea kuchambua mchele.

Yule wa jezi ya Arsenal ameoa sasa, ana tuktuk. Tukikutana bado ananidai. "Ile picha bwana, nilikuwa nimetulia vile!" Nimemwambia mimi sina neno, kamuulize Ami kwanza, akikubali natafuta hiyo programu leo leo. Mpaka hii leo hajamuuliza, na kila tukikutana ananiambia atamuuliza Ijumaa.