Barua za Mwana Aliye Marekani

Jirani yangu hapa Budapest ni bibi wa miaka 80 na ushei. Namwita néni, kama wanavyoitwa wanawake watu wazima wote huku, na nikimkuta kwenye lifti namwamkia "csókolom". Neno hilo asili yake ni kumbusu mtu mkono, na kwangu mimi mtoto wa Mombasa halina tofauti na shikamoo. Nadhani ndilo lililonipatia nafasi kwake, maana wengine jengoni hawasemi neno kwenye lifti. Wanazikodolea macho namba za ghorofa kana kwamba wanasubiri matokeo ya mtihani.

Januari moja alinigongea nimsaidie kusogeza kabati. Kabati lilichukua dakika 5. Chai ilichukua jioni nzima, kwa sababu runinga ilikuwa ikionyesha Szerelem, na néni hakubali mtu aondoke Szerelem ikiwa katikati.

Szerelem ni mapenzi. Filamu ni ya Károly Makk, ya mwaka 1971, haina rangi, na kisa chenyewe ni cha 1953. Bikizee yuko kitandani, hatoki tena. Mwanawe János amefungwa kwa mambo ya siasa, na hakuna anayethubutu kumwambia mama mtu. Mkaza mwana, Luca, ndiye anayekaa akitunga barua kwa jina la mumewe: mama, niko Marekani, natengeneza filamu, mambo yangu ni mazuri. Barua zikifika, na maua yanafika. Luca mwenyewe amefukuzwa kazi ya ualimu na hajui kama mume yuko hai, lakini hayo hayaandikwi.

Kihungaria changu wakati huo kilikuwa cha sokoni na cha kituo cha basi, néni akawa ananifafanulia vipande vipande. Kwenye barua sikuhitaji mkalimani.

Nilikuja huku kwa ufadhili wa masomo. Mwaka wa pili nikaanguka mitihani, ufadhili ukakatika, nikaishia zamu ya usiku kwenye bohari la vifurushi. Kosa lilikuwa langu, simsingizii mtu. Kwa miaka miwili nilimpigia mama simu ya video jioni kabla ya kutoka, juu nimevaa shati la kola, chini suruali ya kazi yenye madoa ya gundi. "Masomo vipi?" "Yaenda, mama." Nikaazima hata koti la rafiki nikapigwa picha mbele ya jengo la Bunge, pale kando ya Danube. Mama akaipeleka kusafishwa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni.

Kwa hiyo nilimtazama Luca kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa mwenziwe.

Kinachonivuta zaidi ni vile wale wanawake wawili wasivyo malaika. Bikizee ana kiburi, ana makeke, humpiga mkaza mwana vijembe. Luca naye huchoka, hujibu. Wanampenda mtu mmoja, na kila mmoja anaona haki ni yake. Aliyemwigiza bikizee ni Lili Darvas, ambaye naye aliihama Ulaya wakati wa Wanazi akaishi Marekani miaka mingi, kisha akarudi Budapest kuigiza mama anayengoja barua kutoka Marekani. Hilo nililisikia baadaye, na sijaweza tena kuutazama uso wake bila kuliwaza. János huachiliwa, hurudi nyumbani. Mama ameshakufa.

Sisi tuliolelewa na tamthilia za Kimeksiko tumezoea ugomvi wenye ngazi za marumaru na pacha aliyefichwa. Huku watu wanagombana jikoni, na jiko lenyewe halitoshi watu wawili. Mwongozaji Béla Tarr alikuwa na miaka 22 alipopiga filamu ya Családi tűzfészek, kuhusu mume na mke waliobanana nyumba moja na wazazi wa mume kwa sababu nyumba za serikali hazipatikani. Baba mkwe pale ndani! Mwache tu. Waigizaji si watu wa fani, na unaona. Wanasemeshana kama watu ambao kweli wamepangia choo foleni.

Ile yake nyingine, Panelkapcsolat, ya 1982, niliitazama peke yangu, nami naishi kwenye majengo hayo hayo ya paneli za zege ambako chafya ya jirani waisikia na kumwombea afya. Mume amepata nafasi ya kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Anasema ni kwa ajili ya pesa, kwa ajili yao. Mke hasikii la pesa, anasikia kuachwa na watoto. Tazama mume anavyogeuza kila sababu yake kuwa fadhila! Nilitaka kumzomea, nikakumbuka maneno niliyoyasema mimi uwanja wa ndege. Mwishoni wananunua mashine ya kufulia, wanarudi nayo wamekaa nyuma ya lori, hawasemezani. Kwetu ingekuwa friji.

Testről és lélekről ya Ildikó Enyedi, iliyochukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2017, wengi huisifu kuliko zote. Ni nzuri, wale wawili wanaoota ndoto moja ya kulungu. Ila kazi yao ni kichinjioni, na ng'ombe wale nimewatazama kupitia vidole.

Usiku ule wa Szerelem nilimuuliza néni kama bikizee alijua. Akaniuliza mama yangu ana miaka mingapi.

Kesho yake nikampigia mama, safari hii na suruali ikionekana. Nikamweleza yote, mitihani, bohari, vifurushi. Akanyamaza kidogo, akamfukuza paka.

"Nilijua tangu ile picha, mwanangu. Lile koti si lako. Mikono imekuishia hapa," akanionyesha juu ya kifundo cha mkono.

"Basi iondoe ukutani."

"Iwache papo hapo. Imekaa vizuri."