Mistari Miwili, Namba Moja

Asubuhi ya leo binti tunayemfundisha kazi ya orodha alinigeuzia kompyuta na kuniuliza, "Dada, hawa wawili si mtu mmoja? Niwaunganishe?" Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili ya wachangia damu, jina la baba lile lile, namba ya simu ile ile, na chini yake kitufe cha kuunganisha. Nilimshika mkono kabla sijajua nitamwambia nini. Kitufe hicho nilikwisha kukibonyeza Februari 2020, na deni lake bado ninalo.

Mnaikumbuka miezi ile ya laini. Muda wa kusajili kwa alama za vidole ulisogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, na orodha yetu ya wachangia damu wa hiari hapa Tanga ikawa kama mtaa uliohamwa: unapiga, haipatikani, unapiga tena, haipatikani. Tulipita kwa majirani na viongozi wa mitaa kutafuta namba mpya. Jedwali la Excel lilikuwa limemeza sifuri ya mwanzo ya kila namba, kwa hiyo nilikesha nikiweka 255 mbele ya tarakimu tisa zilizobaki, mtu mmoja baada ya mwingine, ndipo nikaziingiza katika programu. Sikuona kazi hiyo kuwa ndogo, wala sasa siioni hivyo. Damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Hata kwenye jokofu ina wiki chache tu. Mwanamume hukaa miezi mitatu kabla ya kuchangia tena, mwanamke minne, na akiba inapopungua, tarehe iliyoandikwa kwenye mstari wa mtu ndiyo inayotuambia tumpigie nani leo na nani tumwache apumzike.

Programu ilinionyesha mistari miwili iliyofanana. Jina la kwanza karani wa zamani alikuwa ameliandika kwa herufi moja tu, H, na mengine yote yalilingana: baba, babu, tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, na sasa namba ya simu. Programu iliniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nilijibu ndiyo. Ikabaki na mstari mmoja wenye tarehe ya karibuni zaidi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye darasa la shule moja ya Ngamiani, madawati yamesukumwa ukutani, vitanda viwili karibu na dirisha, na mimi mezani mlangoni na kompyuta. Aliingia kijana mwenye shati jeupe, mkono wa kushoto ameshaukunja hadi juu ya kiwiko tangu huko nje, akanisalimu na kutaja jina lake. Nilimtafuta, nikampata, nikamwambia kwa upole kwamba hawezi kuchangia, kwa kuwa alichangia wiki tatu zilizopita na mwili wake bado unahitaji muda. Hakubisha. Alitoa mfukoni kadi yake ya mchangiaji, imekunjwa mara mbili hadi mkunjo umekuwa laini kama kitambaa, akaifungua juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja. Jina lilikuwa limeandikwa kamili kwa wino wa buluu, na tarehe ya mwisho ilikuwa ya Novemba. Kisha akainama kusoma kwenye kioo, akifuata mstari kwa kidole bila kukigusa kioo chenyewe, akafika kwenye ile tarehe ya Januari.

"Huyu ni ndugu yangu," alisema. "Mimi niko wapi?"

Nilitazama ile kadi. Majina yao nisiyataje, ila mtu wa pwani anajua pacha wa kiume huitwa akina nani mara nyingi, majina ya wajukuu wa Mtume, na yote mawili huanza na H. Mmoja alikuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa iliyotakiwa kusajili laini; mwingine alikuwa bado anaisubiri, laini yake imezimwa, na mwenzetu alipopita kumwuliza anapatikana wapi, alitoa namba ya nduguye. Namba ile ilikuwa ya kweli kwa wote wawili. Ni sisi tulioisahihisha, na usahihi huo ndio uliowafanya kuwa mtu mmoja.

Muuguzi alisikiliza, akaitazama kadi, akautazama mstari wenye herufi moja, akaamua kwamba penye shaka hatoboi mtu sindano. Simlaumu. Kijana alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akaikunja kadi yake. Tulimwomba arudi mwishoni mwa Machi.

Usiku ule nilifungua daftari la kalamu tulilolianza kabla ya programu, na humo walikuwapo wote wawili, kila mmoja na mstari wake na jina lake kamili. Nilimwandika upya. Lakini shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, na Jumamosi yetu haikufika. Nilipiga namba ile ile. Akapokea nduguye, akasema atamfikishia. Nimepiga tena miaka iliyofuata, hadi siku ilipopokelewa na mtu mwingine kabisa, asiyewajua. Mstari wa yule kijana bado upo, na kwenye hali yake nimeandika "anatafutwa", ingawa programu haina chaguo hilo na imenibidi nilitie kwenye sehemu ya maelezo.

Sijui kama yote haya yangemsaidia binti aliyekuwa akinisubiri nijibu. Nilimwambia aache kwanza kitufe, apige ile namba, na atakayepokea amwulize nyumbani wako wangapi. Akaweka simu sikioni. Ikaanza kuita.