Ngitili Yetu Haikuwa na Senyenge

Nilipokwenda nyumbani Kishapu, mkoani Shinyanga, mwishoni mwa Septemba, nilifanya jaribio dogo kwa chupa moja ya maji. Nusu niliimwaga kwenye njia ya ng'ombe, nayo ikatiririka juu ya utando mgumu hadi kwenye viatu vyangu. Nusu iliyobaki niliimwaga hatua chache tu kutoka hapo, katikati ya mashina ya nyasi ndani ya ngitili ya ukoo wetu, ikazama kabla sijarudisha kizibo. Udongo ni uleule, na ng'ombe ni walewale.

Kwa wasioifahamu, ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapokolea. Hapakuwa na waya. Palikuwa na mpaka unaojulikana, sungusungu (walinzi wa jadi wa kijiji), na faini. Mifugo huingia nyasi zikiwa zimekwisha kupukutisha mbegu na akiba yake imekwisha kushuka mizizini, na kwato hukanyaga ardhi kavu isiyoshindiliwa kwa urahisi. Majani machanga yakiliwa mfululizo wakati wa masika, mmea hukosa cha kupeleka chini, mizizi hufupika, na udongo uliolowa hushindiliwa hadi vitundu vya kupitishia maji na hewa huziba.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo baada ya miaka mingi ya kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba.

Siku hizi baadhi ya majirani huzungusha senyenge wakaona kazi imekwisha. Mimi sikubaliani nao. Eneo lililofungwa mwaka hadi mwaka huacha nyasi kuukuu zisimame na kuyanyima mwanga machipukizi, huku ng'ombe waliofukuzwa wakisongamana nje na kuiparua ardhi iliyosalia. Tena kuna jambo tunalolisahau: ng'ombe hula malishoni na kulala bomani, kwa hiyo rutuba huhamishwa kila jioni. Kule Laikipia, nchini Kenya, mahame ya maboma ya wafugaji hubaki kuwa viwanja vya nyasi nzuri kwa miongo mingi, kwa sababu ya samadi iliyorundikana.

Baba mdogo anataka mwakani ngitili ifunguliwe mwezi Mei, kwa kuwa mifugo imeongezeka. Nimemwomba asubiri hadi Julai, na kabla ya mvua tusombe mikokoteni michache ya samadi tukaimwage kwenye ile njia.