Siku moja maishani mwangu: kuupima mfumo wa mafunzo kabla kampuni haijatoa pesa

Saa 12 na robo asubuhi

Feri ya Likoni, hapa Mombasa, asubuhi haimngoji mtu. Nimejibana pembeni, mkoba kifuani, ndani mna laptopu na flashi yenye vifurushi vya masomo. Hiyo flashi ndiyo kazi ya leo.

Nasimamia mafunzo katika kampuni ya uchukuzi na maghala. Tuna madereva wa malori, madereva wa folklifti na makarani wa kontena, kuanzia Shimanzi hadi Miritini, na miaka yote mafunzo yao yamekuwa ya karatasi: mtu anakaa darasani, anatia sahihi, faili linaingia kabatini, na kulipata tena ni bahati. Sasa tunanunua mfumo wa kusimamia mafunzo mtandaoni, wenyewe huuita LMS. Wazabuni wamebaki wawili, na wote wawili wameandika kwamba mifumo yao inafuata viwango. Kuandika hakuna gharama, ndiyo maana nimebeba flashi.

Saa 1 asubuhi

Mwembe Tayari. Mahamri, mbaazi, chai ya tangawizi. Saa hii siongei na mtu kuhusu programu.

Saa 2 na nusu

Ofisini, kabla simu hazijaanza, napanga majaribio.

Kiwango tunachokihangaikia zaidi ni SCORM. Kilitokana na mradi wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyotaka somo likitengenezwa mara moja liweze kuchezwa kwenye mfumo wowote. Toleo la 1.2 lilitoka mwaka 2001 na bado limejaa kila mahali. Baada yake likaja SCORM 2004, ambalo nalo lina matoleo ndani ya toleo: la tatu ni la 2006, la nne ni la 2009. Somo zima hufungwa kwenye faili moja ya zipu, na humo ndani lazima iwepo faili iitwayo imsmanifest.xml, inayouambia mfumo kuna nini na kianze kipi. Mwanafunzi akifungua, somo huusaka mfumo kupitia JavaScript ya kivinjari na kuanza kuupasha habari: ameingia, amefika ukurasa huu, amepata alama hizi, ametoka.

Kwenye flashi nina somo fupi la usalama wa folklifti, somo refu la mizigo hatari ambalo tulilinunua kwa mtengenezaji mmoja wa nje, na la tatu nimeliharibu kusudi: nimefuta faili moja ambayo manifesti inasema ipo. Hilo bovu nalipenda kuliko yote. Mfumo mzuri utakwambia kipi kimekosekana. Mfumo wa kubahatisha utakubali zipu, useme "imefaulu", halafu dereva ndiye atakayekutana na ukurasa mweupe usiku akiwa zamu.

Saa 3 na nusu

Mzabuni wa kwanza yuko Nairobi, tunaonana kwa video. Kijana mchangamfu, anajua kuongea. Slaidi yake ya viwango ina alama za vema kijani kibichi kutoka juu hadi chini: SCORM, AICC, xAPI, cmi5.

AICC ilinichekesha kidogo. Hiyo ilikuwa kamati ya mafunzo ya kompyuta ya sekta ya ndege, iliyoanzishwa 1988 na kuvunjwa 2014. Si kosa kuitaja, kwani wapo wenye masomo ya zamani yanayoitegemea, lakini sisi hatuna hata moja.

"SCORM toleo gani?" nikamuuliza.

"Zote, madamu."

"Hiyo 2004, ni toleo la tatu au la nne?"

Akanyamaza, akatazama pembeni. "Hiyo nitawauliza wahandisi, nikuandikie leo leo."

Nikahamia xAPI. Toleo lake la 1.0 lilitoka 2013, na lenyewe hurekodi kila tukio kama sentensi: nani, amefanya nini, juu ya kitu gani. Sentensi hizo huhifadhiwa kwenye ghala lake maalumu la rekodi, LRS. Sasa, ghala hilo limo ndani ya mfumo wenu au ni la kununuliwa kando? Na rekodi zikishaingia, kuna ripoti ninayoweza kumpa meneja wa ghala, au zitakaa tu humo? Jibu lilikuwa refu, na ndani yake sikusikia "ndiyo" wala "hapana". Kwenye fomu nimeandika: kando, bei haijatajwa.

Saa 5 asubuhi

Hapa ndipo kazi ilipo. Wazabuni wote wametupa akaunti za majaribio. Nimemkalisha kijana wetu wa IT awe mwanafunzi mwenye tabia mbaya: afunge dirisha katikati ya somo, achomoe waya wa intaneti, aanze kwenye laptopu amalizie kwenye simu. Mimi nimefungua zana za kivinjari upande wa pili, natazama somo na mfumo wanavyosemezana mstari kwa mstari.

Somo la folklifti lilipita kote kuwili bila matata. Lile bovu, mfumo wa kwanza ulilikataa na kutaja jina la faili iliyokosekana. Wa pili ulilimeza. Moja kwa moja nikadhani mshindi nimeshampata.

Tukapakia mizigo hatari. Kijana akajibu maswali, akafika sehemu ya mwisho mwisho, akafunga dirisha bila adabu. Akafungua tena. Kwenye mfumo wa pili alirudishwa palepale alipoachia. Kwenye wa kwanza akajikuta nyuma, nusu ya somo, majibu yake yote ya baadaye hayapo.

"Dada, huu mbovu," akasema.

Nikapanda juu kwenye mistari. Somo huhifadhi kumbukumbu yake katika sehemu iitwayo cmi.suspend_data, mfuatano mmoja mrefu wa herufi unaobeba kila jibu na kila ukurasa uliotembelewa. SCORM 1.2 imeiwekea kikomo: herufi 4,096. Somo letu ni la toleo hilo, na kwa wingi wa maswali yake lilikuwa limevuka. Mfumo wa kwanza uliukataa mfuatano huo na kurudisha kosa nambari 405. Somo nalo halikujali kosa hilo, likaendelea kumwonyesha mwanafunzi kurasa kana kwamba kila kitu kinaandikwa. Mfumo wa pili ulipokea herufi zote bila kuhesabu.

Kwa maneno mengine, aliyetuangusha ndiye aliyefuata kanuni. Aliyetufaa ni yule aliyelegeza, na mwenye kosa hasa ni somo tulilolinunua. Orodha ya vema kijani isingetuambia hata moja kati ya hayo.

Saa 6 mchana

Stima imepotea. Jenereta ilichukua muda kuamka na ruta ikafa, laptopu zikabaki hai kwa betri. Mtu mwingine angelaani. Mimi nilimwambia kijana aendelee kubofya.

Mtandao uliporudi tukalinganisha. SCORM haina akiba ya nje ya mtandao. Kisichofika kwenye seva hakipo. Mfumo wa pili ulikuwa unapeleka habari kila somo lilipoita LMSCommit, yaani amri ya "hifadhi sasa", kwa hiyo kijana alipoteza ukurasa mmoja. Wa kwanza ulikuwa unazikusanya ndani ya kivinjari ukingoja LMSFinish, yaani mpaka mtu atoke kwa utaratibu. Kwa maghala yetu, ambako mtandao huja na kwenda, hilo ni zito kuliko lile la herufi, kwa sababu somo naweza kulirekebisha lakini tabia ya mfumo ni ya mwenye mfumo.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, kisha viazi karai na ukwaju kibarazani. Joto la leo si la kusimuliwa.

Saa 8 na nusu

Kamati ya tathmini. Mzee wetu wa hesabu ameweka bei mbili mbele yake na amepiga mstari chini ya ile ndogo, ya mzabuni wa kwanza.

"Mwanangu, wote wawili wamejaza kwamba wanafuata. Tutazidisha pesa kwa lipi?"

"Mzee, fomu iliuliza ndiyo au hapana. Wewe ungejaza nini?"

Akacheka. Nikawaonyesha ripoti. SCORM 1.2 ina sehemu moja tu ya hali ya mwanafunzi, na ndani yake hukaa neno moja: amefaulu, amemaliza, ameshindwa, hajamaliza, na mengineyo. Somo likiandika "amemaliza", huwezi kujua kutoka hapo kama alifaulu. SCORM 2004 ilizitenga: kumaliza kivyake, kufaulu kivyake. Kwa somo la kukaribisha wageni ofisini hakuna neno. Kwa mizigo hatari lipo, maana kanuni za kimataifa za IMDG, za kusafirisha mizigo hatari kwa meli, katika sura ya 1.3, zinataka wafanyakazi wa nchi kavu wanaoishughulikia wafundishwe, na mwajiri atunze rekodi za mafunzo hayo na kuzitoa zikitakiwa. Mkaguzi akija, simpi orodha ya waliobofya mpaka mwisho.

Mkuu wa usalama aliniunga mkono kwa sauti. Mzee wa hesabu aliuliza swali lililonifurahisha kuliko yote ya siku: "Na tukiachana nao baada ya miaka mitatu, vitu vyetu tunatoka navyo?" Hilo ndilo lililozaa viwango hivi. Zipu za masomo tunazo wenyewe, zitahamia popote. Rekodi za watu ni kitu kingine. SCORM haisemi historia itolewe vipi kutoka mfumo hadi mfumo. Tumeamua iingie kwenye mkataba: rekodi zote, kwa faili inayosomeka, pasipo malipo ya ziada. Tukaongeza na swali la seva ziko nchi gani, kwa ajili ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Fomu nayo tumeibadilisha. Penye ndiyo au hapana sasa pana safu ya ushahidi: toleo, nambari ya toleo ndani ya toleo, na matokeo ya jaribio kwa kifurushi chetu wenyewe.

Saa 10 jioni

Karani wa Miritini kapiga simu. Nilimtumia kiungo ajaribu kwenye simu yake ya Android. "Bibie, maandishi madogo kama mchanga." Ni kweli, na hakuna kanuni ya SCORM iliyovunjwa hapo. Yenyewe haishughuliki na ukubwa wa herufi, kasi, wala sura ya somo. Nimeiandika kwenye safu nyingine.

Saa 11 na dakika 10

Barua pepe ya kijana wa Nairobi imeingia, ametimiza ahadi. Wahandisi wamejibu: SCORM 2004, toleo la tatu.

Nilikuwa naombea la nne, kwa sababu hilo limepanua ile kumbukumbu hadi herufi 64,000, na somo letu lingeingia zima. La tatu linaishia 4,000, pungufu hata ya 1.2. Kwake yeye kuligeuza somo liwe la SCORM 2004 kutakuwa kazi bure.

Basi nimemwandikia mtengenezaji wa somo badala yake: alikate vipande tisa, kila daraja la mizigo hatari kifurushi chake, na kila kipande nitakipima kabla ya kukipokea. Hivyo litachezwa kwa mzabuni yeyote, mkali au mlegevu. Kwa mzabuni wa kwanza nimeuliza moja tu: kule kungoja LMSFinish, mnaweza kukubadilisha, na je, mtakubali kukuandika kwenye mkataba? Nimempa mpaka Jumatatu.