Debe Lililobonyea

Juzi mwanangu alikuwa akitazama video ya Titan, ile nyambizi iliyopondwa na shinikizo la maji Juni 2023 ikienda kuona mabaki ya Titanic, na watu 5 ndani. "Baba, implode ndiyo nini?"

Neno hilo. Kidato cha pili, maabara ya fizikia, baada ya chai ya saa nne. Mwalimu kaweka debe la mafuta ya kupikia juu ya jiko la mkaa, maji kidogo ndani, mdomo wazi. Mvuke ulipofoka akaliepua kwa matambara, akakaza kifuniko, akalimwagia maji baridi. Kwanza kimya. Kisha ubavu mmoja ukalia ko!, kama kidole kinachovunjwa. Halafu mbavu zote zikaingia ndani, debe likapinda shingo kama mlevi anayetafuta pa kukaa. Hakuna aliyeligusa. Mvuke ulikuwa umerudi kuwa maji, ndani pakabaki patupu, na hewa ya nje inasukuma karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Hayo niliyaelewa baadaye sana.

"Wewe, kimetokea nini?" Kwa Kiingereza, bila shaka. Nikasimama. "It has explode to inside, sir."

Kicheko. Kisha makofi, yale ya polepole, pa, pa, pa, mpaka nikakaa. Mwalimu akaandika ubaoni: implode.

Miaka ikapita, nikakuta kwenye kamusi kwamba explode limetoka kwa Kilatini plaudere, kupiga makofi. Warumi walimtimua mwigizaji mbovu jukwaani kwa makofi, na kitendo hicho ndicho explodere. Implode ni la juzijuzi, karne ya 19, limeundwa kwa kumwiga mwenzake. Kwa hiyo kwa Kilatini safi, aliyelipuka siku ile ni mimi.

"Si ungesema tu limebonyea?" akasema mtoto.

Bonyea. Mama alilitumia kila sufuria ilipoanguka. Nikamwambia aweke kidole kooni, alitamke polepole. Ile b yetu hushusha koo na kuivuta hewa kuingia ndani. Wanafonetiki, wataalamu wa sauti za lugha, huiita implosive, jina la ukoo mmoja na lile neno la ubaoni. Akarudia mara tatu, akacheka.

Kisha akauliza kama wale watu 5 walisikia chochote. Nikamjibu kwamba mwisho wenyewe ulikuwa wa haraka mno. Sikumwambia kuwa debe letu lililia ko! kwanza.